Nyundo ya Nyuzi Stars

Hapo zamani, lakini si zamani ya mbali, kwa kuwa reli nitakayowasimulia ingali inaning'inia mahali pake, palikuwa na mji mdogo wa mkonge ulioitwa Kwashemboza. Mji ulikuwa na kiwanda kimoja, zahanati moja na timu moja ya mpira. Kiwanda kilikuwa cha kampuni. Zahanati ilikuwa ya serikali. Timu ilikuwa ya watu.

Timu hiyo iliitwa Nyuzi Stars, na kwenye lango la uwanja wake kilining'inizwa kipande cha reli kizito, kisichoyumba hata upepo ukivuma. Enzi za mababu reli hiyo iligongwa kila alfajiri kuwaita wakata mkonge kazini. Kampuni iliponunua king'ora, reli ikapewa timu, na tangu hapo ikawa na kazi moja kubwa. Nyuzi Stars ikifunga goli, reli hugongwa. Goli moja, pigo moja. Ngaa! Mlio ule ulifika kiwandani, ukafika mashambani, ukafika kwa mgonjwa kitandani, na kila aliyeusikia alijua bila kuuliza.

Nyundo ya kugongea haikushikwa na kila mtu. Ilikuwa na mwenyewe, mmoja kwa msimu mmoja. Jumapili ya kwanza baada ya msimu kwisha, mji ulikutana kwenye banda la brashi, pale katani inaposuguliwa mpaka ing'ae, ukamkabidhi nyundo mtu aliyeibeba timu kuliko wengine. Kwashemboza haikuwa na heshima kubwa kuliko hiyo. Aliyewahi kushika nyundo, siku ya maziko yake jeneza lilipitishwa mbele ya lango la uwanja, na reli ikapigwa pigo moja. Asiyewahi kuishika alipitishwa palepale, na reli ikanyamaza. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na hapakuwa na aliyeuvunja.

Kwa miaka kumi na tisa Nyuzi Stars ilicheza ligi za taifa. Redio ilitaja matokeo yake. Kisha ikashuka. Ikashuka daraja moja, mwaka uliofuata ikashuka jingine, na mwaka wa tatu ikatoka kabisa kwenye ligi za taifa, ikaangukia ligi ya mkoa, ambako redio haifiki na jukwaa ni tuta la nyasi.

Mwenye nyundo wakati huo alikuwa Bwana Sempombe, muuza mabati na misumari. Siku timu iliposhuka alikwenda kwa mwenyekiti wa klabu, Mzee Mapunda, fundi mitambo mstaafu, akaiweka nyundo mezani.

"Mzee wangu, mimi sigongi reli ya ndondo, mpira wa mitaani."

"Ndondo ndiko tulikoanzia, Sempombe."

"Basi anzieni tena. Mimi nimeshapata timu Dar es Salaam. Naiangalia kwenye televisheni, nimekaa kwenye kochi langu."

"Na ikifunga, unagonga nini?"

Sempombe akamsogezea mzee nyundo. Akaondoka. Nyundo ikabaki bila mwenyewe, na Mzee Mapunda akaikaimu msimu ule mzima.

Miji ya jirani iliwacheka. Mtu wa Kwashemboza akienda mnadani aliulizwa, "Poleni jamani, mnazika lini?" Nyumba nyingine zilizigeuza jezi za kijani kuwa matambara ya kupigia deki. Wachezaji wazuri wakahama, na siku ya mchezo wa kwanza wakatokea sita. Sheria inataka wasiopungua saba. Mwamuzi akapuliza filimbi, akawapa wageni ushindi wa mezani.

Sasa shikeni jambo hili, kwa sababu ndilo lililouweka mji roho juu msimu mzima. Kanuni ya ligi ya mkoa ilikuwa fupi: timu isiyotokea, au isiyomaliza mchezo, au isiyo na uwanja wa kuchezea, mara ya kwanza inanyang'anywa pointi, mara ya pili inafutwa. Haishuki. Inafutwa, na jina lake linatolewa kwenye daftari la chama cha mpira. Nyuzi Stars ilikuwa imetumia mara yake ya kwanza siku ya kwanza.

Wa kwanza kuizuia isifutwe alikuwa Bibi Chausiku Nandonde.

Bibi Chausiku alikuwa mhudumu wa zahanati aliyestaafu, mfupi, mwenye sauti ya kuamrisha. Msimu ule ulikuwa na michezo kumi na minne, na yeye alihudhuria yote kumi na minne. Hata ule wa wachezaji sita alikuwepo, amekaa kwenye tuta, mkoba mapajani.

Mchezo wa nne ulikuwa ugenini, kwenye mji mmoja wa milimani. Vijana wakiwa wamekusanywa huku na kule, walitimia kumi na moja bila hata mmoja wa akiba. Walisafiri juu ya trela la trekta, na shabiki aliyepanda nao alikuwa mmoja. Kufika mapumziko walikuwa wamefungwa manne.

Wenyeji wakamwendea Bibi Chausiku. "Bibi, umekuja kuzika?"

"Nimekuja kuhesabu."

"Magoli?"

"Watu wangu. Bado wako kumi na moja."

Lakini alipogeuka aliona wanavua viatu. Nahodha wao, Athumani Hiza, alikuwa ameshafunga kamba za viatu vyake pamoja na kuvitundika begani.

"Bibi, twende nyumbani. Tunadhalilika hapa."

"Mkiondoka klabu imefutwa."

"Ifutwe! Kwani ipo? Imeshakufa, Bibi, tunaburuta maiti."

Bibi Chausiku alisimama mbele ya trela. Hakulia wala hakubembeleza.

"Athumani, vaa viatu. Siku unazaliwa nilikuwepo. Mama yako alikaa chumba cha uzazi siku mbili. Ulimsikia akisema, basi, twende nyumbani?" Akageuka. "Na wewe Komba, wewe ulitoka umetanguliza miguu, ndiyo maana mpaka leo unacheza rafu. Vaa viatu." Akaendelea hivyo, mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa saba kati ya wale kumi na moja walipokewa kwa mikono yake, na wanne waliobaki aliwajua kwa chanjo. Komba akaanza kucheka. Kicheko kikaambukiza. Wakavaa viatu.

Walifungwa tano bila. Njiani kurudi Bibi Chausiku alisimama kwenye trela akatangaza kwa kila waliyempita barabarani, "Kipindi cha pili tumefungwa moja tu!" Na alisema kwa fahari hasa, hakuwa akitania.

Wangeondoka uwanjani siku ile, Nyuzi Stars isingekuwepo. Hilo lishikeni.

Akafuata Luambano.

Baada ya siku ile timu ilianza kutoka sare. Kisha ikaanza kushinda. Goli la kwanza nyumbani lilipofungwa, Mzee Mapunda aligonga reli, ngaa, na wakata mkonge kule shambani wakasimama na mapanga yao mikononi, maana walikuwa hawajausikia mlio ule kwa miezi mingi. Jezi zikatolewa kwenye ndoo za deki, zikafuliwa, zikaanikwa. Tuta la nyasi likajaa tena. Watu waliokuwa wakiona haya kutaja timu yao mnadani wakaanza kuitaja wao kwanza, kabla hawajaulizwa.

Mchezo wa kumi na moja ulikuwa nyumbani, na mvua ilinyesha tangu alfajiri. Ilipokatika saa tisa mchana, mistari ya chokaa ilikuwa imefutika yote. Mwamuzi aliukagua uwanja na mwavuli wake mkononi.

"Mwenyekiti, mistari iko wapi?"

"Imesombwa na mvua, refa."

"Uwanja usio na mistari hauchezewi. Nawapa dakika arobaini. Zikiisha, naandika kwamba mwenyeji hana uwanja."

Hiyo ingekuwa mara ya pili. Chokaa haikuwepo, na hata ingekuwepo isingeshika kwenye tope lile.

Luambano alikuwa mnyapara wa kuanika katani, kazi aliyoipata baada ya miaka ishirini na saba ya kukata mkonge. Alikwenda mbio kwenye ghala la kampuni, ambalo ufunguo wake alikuwa nao yeye, akapakia kwenye toroli katani kavu, nyeupe, iliyokwisha kusuguliwa, ile inayosubiri kufungwa marobota kwenda ng'ambo. Aliileta mpaka uwanjani.

"Luambano, hiyo ni mali ya kampuni," Mzee Mapunda alimwambia.

"Najua ni ya nani, mzee. Nishikieni ncha hii."

Wakatandaza katani juu ya tope, singa kwa singa, upana wa kiganja, wakaikanyaga mpaka ikashika. Mji mzima uliinama. Wanawake waliokuja na kanga safi waliinama. Hata dereva wa basi la wageni alishuka akashika ncha. Mstari wa pembeni, mstari wa kati, boksi la kumi na nane, duara. Dakika ya thelathini na nane mwamuzi alipita akitazama chini, akafunga mwavuli.

"Nimechezesha mpira miaka kumi na mitano," alisema, "sijaona mistari inayong'aa hivi."

"Timu imeshuka daraja," mtu mmoja akamjibu kutoka kwenye tuta, "lakini mistari yetu ni daraja la kwanza!"

Walishinda mbili kwa moja. Reli ikalia mara mbili. Jumatatu asubuhi meneja wa shamba alimwita Luambano akamuuliza swali moja: je, ni kweli alitandika chini katani ya kusafirishwa ikakanyagwa na viatu vya mpira? Luambano akasema ni kweli. Akanyang'anywa ufunguo, akapewa panga. Mtu wa miaka hamsini na sita akarudi kukata mkonge katikati ya vijana, miiba ikimchoma mahali palepale ilipomchoma ujanani.

Asingefungua ghala, Nyuzi Stars isingekuwepo. Na hilo lishikeni.

Wa tatu ni Mhina, na habari ya Mhina haiwezi kusimuliwa bila mkewe.

Mkewe aliitwa Mwanahawa. Ndiye aliyesuka nyavu za magoli ya Nyuzi Stars kwa miaka yote ile kumi na tisa ya ligi za taifa, na timu iliposhuka hakuacha. Alizisuka kwa uzi wa katani, kwa sindano ya mti aliyochongewa na Mhina mwaka waliooana. Kila baada ya mchezo walikwenda pamoja, yeye akipita na sindano, Mhina akimsogezea kigoda. Mpira mkali ukikata uzi, kesho yake uzi umerudi. Kwenye ligi ya taifa waamuzi walikuwa wakizivuta zile nyavu kuzijaribu, kisha wanauliza zimenunuliwa wapi.

Mwanahawa alifariki wiki tatu kabla ya msimu kwisha. Aliugua siku nne. Jeneza lake lilipitishwa mbele ya lango la uwanja, na kwa kuwa hakuwahi kushika nyundo, reli ilinyamaza. Mhina alitembea nyuma ya jeneza, akaitazama reli, akaendelea kutembea.

Kwenye goli la upande wa kiwandani, ubavu wa kulia, chini karibu na nyasi, palikuwa na tundu alilokuwa akiliziba Mwanahawa. Alikuwa amefika katikati. Sindano yake ilikuwa bado inaning'inia kwenye uzi. Athumani alimwendea Mhina, akasema kwa adabu, akimwita baba kama vijana wote wa timu walivyomwita, "Baba, pale kwenye nyavu pamebaki."

"Nitapaziba, mwanangu."

Alikwenda na kigoda. Alikaa mbele ya tundu mchana kutwa. Kuliziba kulihitaji kuondoa sindano pale mkono wa Mwanahawa ulipoiacha, na hilo hakuliweza. Akakusanya nyuzi pamoja akazifunga fundo moja la kulegea, ili kwa mbali nyavu zionekane nzima. Hilo lilikuwa kosa, na yeye mwenyewe alilijua kuwa ni kosa. Mwamuzi wa mchezo wa mwisho alikagua nyavu akiwa amesimama, hakuinama.

Mchezo huo wa mwisho ulikuwa nyumbani, dhidi ya timu iliyokuwa ikiongoza ligi. Nyuzi Stars ilikuwa ya pili, nyuma kwa pointi mbili. Wakishinda wanapanda, wanarudi ligi za taifa. Wakitoka sare wanabaki. Tuta lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya ukuta wa kiwanda. Mhina alikaa nyuma ya goli lile, kwenye kigoda chake, kama alivyokaa sikuzote.

Dakika ya themanini na nane, bila kwa bila, Athumani alipiga mkwaju kutoka pembeni. Kipa akaruka. Mpira ukaonekana ndani ya nyavu. Mshika kibendera akakimbia kuelekea katikati, ishara ya goli. Mzee Mapunda hakusubiri, akagonga.

Ngaa!

Kiwandani walisikia. Shambani walisikia. Ndani ya nyumba vigelegele vikapigwa na watu ambao hata mpira hawakuuona. Mji mzima, kwa pigo moja, ulijua kwamba umepanda.

Kipa wa wageni alikuwa amepiga magoti anapiga kelele, "Umepita nje! Refa, umepita nje, njoo uone!" Mwamuzi alikwenda, akaona fundo lililofunguka na sindano ya mti inayoning'inia. Akamwona Mhina.

"Mzee, wewe ndiye mwenye nyavu?"

"Ndiye."

"Ulikuwa umekaa hapa?"

"Hapahapa."

"Mpira umepita wapi?"

Athumani alikuwa hatua tano kutoka pale, akimtazama. Mhina aliinuka kwenye kigoda.

"Umepita nje ya mlingoti. Umeingilia kwenye tundu langu."

"Tundu lako?"

"La mke wangu. Hakumaliza."

Mwamuzi akafuta goli. Mchezo ukaisha bila kwa bila. Wageni wakapanda, Nyuzi Stars ikabaki ligi ya mkoa. Kwa mara ya kwanza tangu reli ipewe timu, ilikuwa imelia kwa goli ambalo halikuwepo.

Athumani alimfuata Mhina akiwa na machozi. "Baba, mama alituachia goli. Wewe umelirudisha."

Mhina akamjibu, "Mwanahawa hakuwahi kuacha tundu kwa makusudi."

Alisubiri mpaka watu wakaondoka. Kisha akaishika sindano, akaendelea pale ilipoishia, akaziba.

Jumapili iliyofuata mji ulikutana kwenye banda la brashi. Bwana Sempombe naye alikuja, amevaa jezi mpya ya kijani ambayo bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. "Bwana Sempombe," Komba akamwita kwa sauti, "kochi umemwachia nani?" Watu wakacheka, na Sempombe akacheka nao, kwa sababu hakuwa na la kufanya.

Mzee Mapunda aliiweka nyundo mezani. Kwanza akasoma barua ya chama cha mpira. Wakati wa ligi za taifa barua za chama zilikuwa za faini na maonyo. Hii ilikuwa na ripoti ya mwamuzi wa mchezo wa mwisho, na mwisho wa ripoti mwamuzi alikuwa ameandika kwa mkono wake: *Wenyeji waliulizwa, wakasema kweli dhidi yao wenyewe.* Mzee Mapunda aliisoma mara moja. Watu wakamwambia arudie. Akarudia. Wakamwambia tena. Mara ya tatu banda zima lilisimama, hata wale waliokuwa na hasira na Mhina walisimama, na hapakuwa na mtu aliyetazama chini.

Kisha mwenye la kusema akaitwa aseme.

Bibi Chausiku alisema, "Nyundo ni yangu. Nasema wazi, sina haya. Hao wengine waliibeba timu iliyokuwepo. Mimi niliishika siku inakata roho. Ningenyamaza kule milimani, Luambano angechora mistari ya nani? Mhina angesema kweli mbele ya nani? Michezo kumi na minne, na mimi kumi na minne. Aliyenizidi ajitokeze."

"Bibi kapiga!" wakasema watu.

Luambano alisema, "Nyundo ni yangu. Bibi, shikamoo, wewe ni mama yetu. Lakini wewe ulirudi nyumbani ukiwa yuleyule uliyeondoka. Mimi nilikuwa mnyapara, leo ni mkata mkonge. Timu ilishuka daraja, na mimi nikashuka nayo, tena kwa kujua. Nitazameni mikono." Akaionyesha. Hakuna aliyepiga kelele, kwa kuwa mikono ilikuwa inaonekana.

Athumani akasimama. Watu walidhani amekuja kulaumu. "Mimi ndiye niliyelipiga lile goli," alisema, "na siku tatu sikulala. Sasa nasema nyundo ni ya baba Mhina. Wale wawili walituokoa tusifutwe. Yeye ametufanya tutajwe. Nilikwenda mnadani juzi, mtu akaniuliza, wewe ni wa Kwashemboza, kule kwa wasema kweli? Tangu nizaliwe sijajibu ndiyo kwa sauti kubwa namna ile."

"Lakini tungepanda!" sauti ikatoka nyuma. "Na tundu lilikuwa lake! Angeliziba mapema, mshika kibendera asingechanganyikiwa wala reli isingelia bure!"

Mhina akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri kuliko alivyoweza kupiga mwenyewe wiki tatu nyuma. Alikuwa anajifunza.

"Aliyesema nyuma amesema sawa. Tundu lilikuwa langu. Kwa hiyo mimi sidai nyundo. Nilisema nilichokiona, na mtu hapewi zawadi kwa kuwa na macho. Lakini namdaia Mwanahawa. Miaka kumi na tisa juu na mmoja chini. Tulipokuwa tunatajwa redioni alisuka, tulipochekwa alisuka, na nyuzi alisuka zilezile, hakuzilegeza kwa kuwa ligi ni ndogo. Mumpe nyundo ya msimu huu, reli ipigwe mara moja. Sitaomba tena kitu kwenye mji huu."

Bwana Sempombe ndiye aliyemjibu. "Marehemu hawezi kugonga reli, Mhina. Msimu ujao tukifunga, nani atagonga?"

Bibi Chausiku akamgeukia Mhina. Sauti yake ya kuamrisha ilikuwa imepungua. "Mwanangu, siku ile reli ililia na goli halikuwepo. Pigo moja. Sisi wote tulilisikia. Huoni kwamba pigo lile lilikuwa la Mwanahawa? Ameshapigiwa. Mji mzima umempigia vigelegele bila kujua."

Watu wengi waliitikia. Wengine walifuta macho. Ilikuwa njia nzuri ya kutokea, na Mhina angeweza kuipita.

"Ahsante, Bibi," alisema. "Lakini lile lilipigwa kwa ajili ya goli. Nilisema halikuwa goli. Siwezi sasa kusema lilikuwa lake."

Akakaa.

Mzee Mapunda akasimama penye meza. Alisema bega lake halimruhusu kukaimu mwaka mwingine. Alisema pia kwamba katika maisha yake amewahi kuona timu zinazogombania kombe, lakini hajawahi kuona timu iliyobaki ligi ya mkoa ambayo watu wake wanagombania hivi nani aliipenda zaidi, na kwamba kwa hilo tu yeye hatamani kubadilishana na mji wowote uliopanda. Kisha akawaambia waende wakafikiri, akaiacha nyundo palepale mezani.

Walifikiri wiki moja. Walifikiri mwezi. Msimu mpya ukakaribia, na nyundo bado iko mezani.

Sasa ninyi mnaonisikiliza. Mchezo wa kwanza ni kesho, saa kumi alasiri, nyumbani. Mistari imechorwa, na Luambano ameomba ruhusa ya nusu siku. Bibi Chausiku ameshakaa kwenye tuta tangu leo, anasema anashika nafasi. Nyavu ni nzima pande zote mbili, na Mhina atakuwa nyuma ya goli, kwenye kigoda chake. Athumani yuko fiti, atafunga. Hilo halina shaka. Na goli likiingia, reli lazima ilie, maana shambani wanasikiliza.

Je, nyundo mnamkabidhi nani?